Wangechi Mutu: Hapa udongo umeishinda shaba

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kabla sijataja jina la mtu, itazameni hii hapa kwenye skrini. Mwanamke amesimama wima, mwekundu wa udongo, ngozi imepasukapasuka. Aliyewahi kukandika ukuta wa udongo haulizi nyufa hizo zimetoka wapi: jua limewahi kabla mkono wa pili haujapita. Sasa sogeeni. Ndani ya udongo kuna karatasi zilizolowekwa na kupondwa zikawa rojo, kuna gundi ya mbao, na ubavuni kunachomoza kipande cha mti ambacho hakuna aliyejisumbua kukichonga kifanane na mkono. Ni tawi, na papo hapo ni mkono.

Hizi ni sanamu za mfululizo wa Sentinel, yaani mlinzi, za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, 1972. Uchambuzi wa leo ni wa maonyesho yake makubwa, Intertwined, yaliyofunguliwa Machi 2023 kwenye New Museum, New York. Yalichukua jengo zima, kazi zaidi ya 100 za mtu mmoja, kisha mwaka 2024 yakahamia New Orleans.

Wengi wetu tulimjua kwa picha za kubandika, kolaji. Mara nyingi huchorea kwenye Mylar, ambayo ni karatasi ya plastiki. Wino hauzami mle. Unatuama kama dimbwi, unatafuta pa kwenda, na ukikauka unaacha madoa kama ya ukurutu. Juu ya madoa hayo anabandika midomo iliyokatwa kwenye magazeti ya mitindo, vipuri vya pikipiki, manyoya ya wanyama. Ukiwa mbali unaona malkia. Ukikaribia, jicho ni la mtu mwingine na goti ni injini. Au chukueni Yo Mama, ya 2003, aliyoifanya kwa heshima ya Funmilayo Anikulapo-Kuti, mpigania haki za wanawake wa Nigeria na mama yake Fela Kuti, yule mwanamuziki: mwanamke ameketi kama Hawa, ila safari hii nyoka ndiye aliyepatikana, kisigino cha kiatu kimemtoboa kichwa.

Watu husahau kwamba shahada yake ya uzamili, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2000, ilikuwa ya uchongaji. Kwa hiyo sanamu hakuzianza juzi. Na ukizitazama Sentinel baada ya zile picha, unaona ni kolaji ile ile, imeinuka ukutani ikasimama. Maungio hayajafichwa. Unaona mti ulipokutana na udongo, unaona nani alimkubali nani, na kwangu mimi utamu wote uko hapo.

Sasa shaba, na hapa najua nitagombana na baadhi yenu. Mnawakumbuka wale wanawake wake wanne wa shaba walioketi mbele ya Metropolitan Museum, New York, mwaka 2019, ndani ya mashubaka yaliyokuwa matupu tangu ule uso wa jengo ukamilike 1902? Pale shaba ilikuwa mahali pake. Nje, juu, mvua na theluji, na visahani vilivyong'arishwa vichwani mwao vikiwarudishia wapita njia jua lao. Lakini ndani ya ukumbi, Crocodylus ya 2020 haikunifanyia hivyo. Mwanamke yuko juu ya mamba, na huwezi kusema mamba anaishia wapi. Ndilo wazo lenyewe, nimelielewa. Tatizo ni kwamba shaba ikishamiminwa kwenye kalibu inafuta maungio yote. Hawa wawili wamekuwa mwili mmoja kwa sababu madini yameamua hivyo, si kwa sababu wamegombana mpaka wakaelewana. Inapendeza. Nikaipita.

Ila kuna shaba mbili zinazonitia aibu kwa haya ninayosema. Ya kwanza ni Shavasana I. Mtu amelazwa chini, amefunikwa mkeka, na kilichotokeza ni mikono na miguu yenye viatu vya visigino virefu. Jina limetoka kwenye yoga, ule mkao wa kulala kama maiti. Haya, lakini mtu aliyefunikwa mkeka hadi usoni, Mswahili gani atafikiria yoga? Na kila mstari wa ukili unausoma, umesukwa kwa shaba, mkeka ambao hakuna jirani atakayeweza kuufunua. Ya pili ni In Two Canoe, 2022. Wawili wametazamana ndani ya mtumbwi, na viungo vyao vimemwagikia nje kama mizizi ya mikoko. Ndani kuna maji. Mtumbwi uliojaa maji tunajua unakwenda wapi, lakini huu umetengenezwa uwe chemchemi.

Filamu nitazigusa kidogo tu: The End of carrying All, mama na kapu kichwani, na kila akitembea mzigo unazidi. Msitoke kabla haijaisha.

Niliyoirudia mara tatu ni ya bei rahisi kuliko zote kwa vifaa. Suspended Playtime. Mipira ya mifuko ya takataka, imefungwafungwa kwa kamba, ikatundikwa kutoka darini hadi karibu na sakafu kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Ndiyo, ile mipira yetu! Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania 2019, kwa hiyo kuna watoto wanaonitazama sasa hivi ambao hawajawahi kuusuka mpira wa nailoni, hawajui ule mlio wake ukigonga ukuta. Na hapa imening'inia, mingi, pale pale mguu unapoitaka, na hairuhusiwi kuguswa. Mlinzi wa chumba aliutazama mguu wangu wa kulia. Nami nikamtazama yeye.