Datsun 240Z kwenye mbio za kupanda mlima: linafaa kwa kanda ya kati?

Kwa anayetaka gari la michezo la zamani la kupandia mlima kwa ngazi ya ridhaa, Datsun 240Z ni chaguo zuri, na fedha ya kwanza usiitumie kuongeza nguvu. Uzuri wake ni injini inayovuta tangu chini, sespensheni huru kwenye magurudumu yote manne, na uzito wa kilo 1,050 hivi. Afrika Mashariki tunalifahamu: lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiwa na Shekhar Mehta. Ila Safari ilikuwa mbio za siku kadhaa. Kwenye kupanda mlima gari linaondoka peke yake, kutoka kusimama, linashindana na saa. Shelsley Walsh kule Uingereza, ambako wanapanda tangu 1905, njia nzima ni mita 914. Tairi hazipati muda wa kushika joto, na kosa la kona ya kwanza halina pa kufidiwa.

Injini ni L24, silinda sita kwa mstari, ujazo wa cc 2,393. Kiwanda kilitaja nguvu farasi 151, lakini kwa kipimo cha zamani cha Marekani ambacho injini hupimwa bila eksozi kamili na vifaa vyake vingine, kwa hiyo barabarani huzipati zote. Dodoma, huku kanda ya kati ya Tanzania, iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hapo mgandamizo wa hewa umeshuka kwa asilimia 12 hivi, na nguvu inashuka karibu kiasi hicho. Saa saba mchana jua likiwa kali, zaidi ya hapo. Kinacholiokoa gari ni mvuto wa injini (toki), ambao kilele chake ni kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika. Kwa giaboksi ya gia tano na difu yenye uwiano wa 3.9, gia ya kwanza inafika kilomita 60 kwa saa na ya pili karibu 95. Kwenye kona za kubana kama zile za Nyang'oro, ukishavuka Mtera kuelekea Iringa, gia ya pili peke yake ingefanya kazi kubwa. (Barabara hiyo ina malori usiku na mchana. Mwendo wa mashindano ni wa njia iliyofungwa kwa kibali, basi.)

Kazi kubwa iko kwenye kabureta. Ni mbili, Hitachi za mtindo wa SU, zenye pistoni inayopanda na sindano inayoingia kwenye jeti. Zikiwa zimesetiwa Dar es Salaam, zikifika Dodoma mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli nyingi kuliko hewa: plagi zinatoka nyeusi na gari linakwama kidogo unapokanyaga. Pandisha nati ya jeti mpaka mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia. Kwa mwinuko wa huku, irudishe juu robo mpaka nusu mzunguko, zote mbili sawasawa. Injini ikiwa ya moto, inua pistoni ya kabureta moja kwa milimita moja hivi. Sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga) ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikishuka na injini kutaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo tu kisha ikatulia, achia hapo na uhamie ya pili.

Halafu kuna vumbi. Zima injini, toa chujio, inua pistoni kwa kidole uiachie: lazima ishuke yenyewe na kugonga chini kwa mlio mkavu, tok. Ikishuka kwa kusita, vumbi jekundu limeshaingia ukutani mwa chumba chake. Safisha kwa petroli na kitambaa laini. Usiguse kwa msasa, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na ukuta ni ndogo mno na ukiipanua kabureta imekwisha. Jaza oili ya SAE 20 kwenye kile kichupa cha juu. Ukiweka nyepesi, pistoni inaruka haraka, mchanganyiko unakuwa mwepesi kwa kitambo na gari linasita pale pale unapotoka kwenye mstari. Chujio lirudishe. Kukimbia na midomo ya kabureta wazi huku kwetu ni kula pistoni na ringi za injini.

Udhaifu unaoudhi zaidi ni joto. Kwenye L24, kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya eksozi, upande mmoja. Ukisimama foleni ya kuanza huku injini imezimwa, petroli inachemka kwenye mabomba, na ukiwasha gari linamisi. Weka bati la kukinga joto kati ya manifoldi na kabureta, funga bomba la mafuta kwa kitambaa cha kuzuia joto, na acha boneti wazi mpaka unapoitwa. Ukifunga pampu ya umeme, isizidi paundi 3.5, la sivyo boya linashindwa kuzuia na kabureta inafurika.

Kuondoka: shikilia mizunguko 3,000 hadi 3,500, achia klachi mara moja lakini bila kuipiga. Pua ya difu huinuka kwa nguvu ya kuondoka, na mpira unaoishikilia kwa mbele hupasuka. Dalili ni mgongano mzito, duu, chini ya sakafu kila unapokanyaga. Hakikisha mkanda wa kuizuia kwa juu upo na haujalegea. Kagua pia jointi za shafti za nyuma. Zikiwa na mchezo, zitakatikia hapo hapo kwenye mstari.

Breki za kiwanda, diski mbele na dramu nyuma, zinatosha kwa mlima mmoja. Anayetaka zaidi ana bahati: kalipa za pistoni nne za Hilux ya 4x4 ya 1979 hadi 1985 zinafunga kwenye diski za kawaida za gari hili ukikata kidogo bati la nyuma ya diski. Pima nafasi ya rimu kwanza. Pedi chagua za barabarani zilizo bora. Za mbio ndefu zinataka joto kali ndipo zikamate, na kwenye mlima mfupi hazilifikii. Tairi vilevile: mpira laini, 195/60 R14.

Ukinunua, gari lililokaa bara ni afadhali kuliko lililokaa Tanga au Dar, kwa sababu ya chumvi. Ingia chini na bisibisi, choma reli mbili za fremu chini ya sakafu, kisha chini ya kitako cha betri. Pini ndefu za mikono ya sespensheni ya nyuma jaribu kuzizungusha: zikiwa zimeganda, kuzitoa ni kazi ya presi na moto, na bei ishuke kwa hilo. Bisibisi ikizama kwenye reli, achana nalo.