Udongo Mweusi wa Vitalu vya Miche kwa Tangi la Samaki Lenye Mimea

Maji yanayopata hewa ya ukaa kutoka angani pekee hubaki na takriban miligramu 0.5 za hewa hiyo kwa lita, ilhali wafugaji wa samaki wa mapambo wanaotumia mitungi ya gesi hiyo hulenga kama miligramu 30. Udongo mweusi wenye mboji, unaouzwa kwa viroba kwenye vitalu vya miche kando ya barabara za Dar es Salaam, haufikii kiwango cha mtungi, lakini huipa mimea ya majini kiasi kinachozidi kile cha angani, kwa gharama ndogo na bila kifaa chochote.

Bakteria wanapoozesha mabaki ya majani na mizizi yaliyomo udongoni, hutoa hewa ya ukaa inayopanda taratibu hadi kwenye maji. Kwa joto la jiji letu, ambapo maji ya tangi hufika nyuzi 28 na kuzidi, uozaji huo huenda kwa kasi, na ndiyo sababu valisneria na kriptokorine nilizopanda zilichipua upesi na kwa afya inayofurahisha. Kasi hiyohiyo, hata hivyo, humaliza mboji mapema, tena hula oksijeni ambayo tayari ni chache katika maji ya moto; kwa hiyo mimea ipandwe kwa wingi tangu mwanzo, na samaki wasubiri.

Lawama yangu ni kwa wauzaji wasiosema kilichomo. Kiroba kimoja nilichouziwa kilikuwa kimechanganywa na samadi, nayo hutoa amonia inayoweza kuua samaki. Muulize muuzaji waziwazi kabla ya kulipa. Udongo uchekechwe, utandazwe kwa unene wa sentimita 2 hadi 3, kisha ufunikwe kwa mchanga wa mto uliooshwa. Mchanga wa ufukweni, ingawa haugharimu kitu, una vipande vya makombe vinavyoongeza ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa ndani yake, nami siushauri kabisa.

Kwa tangi dogo lenye mwanga wa wastani, naupendekeza udongo huu bila kusita, ila anayetaka zulia la mimea myekundu atahitaji mtungi. Mashine ya viputo isiendeshwe kwa nguvu mchana, kwa kuwa huitoa hewa ya ukaa majini. Na taa zikizimwa kuanzia saa sita hadi saa kumi, udongo hupata muda wa kurudisha kile ambacho mimea imekitumia asubuhi.