Tahadhari: "Kazi" ya ukaguzi wa siri kwenye meli za kitalii

Ndugu tunaoishi Marekani, katika makundi yetu ya WhatsApp linasambazwa tangazo la mtu anayejiita wakala wa ajira, anayedai kutafuta watu wa kupanda meli za kitalii kutoka Miami hadi visiwa vya Karibi wakijifanya abiria wa kawaida, kisha waeleze walivyohudumiwa. Anaahidi safari ya bure, chumba chenye roshani na dola 400 kwa wiki. Niliwasiliana naye hadi bahasha yake ikanifikia, na ninawaomba msimpe taarifa zenu wala senti moja.

Ukaguzi wa siri ni kazi halali, na kampuni za meli huutumia. Lakini anayeijua kazi hiyo hawezi kuinadi kama mapumziko. Mkaguzi hupangiwa kila kitu: ahesabu dakika alizosimama kwenye foleni ya kuingia melini, ahudhurie zoezi la usalama (ambalo kwa kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika 2015 hufanyika kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka), ale katika mkahawa huu leo na ule kesho, aagize kinywaji na kukariri jina lililo kwenye beji ya mhudumu, saa aliyosalimiwa na saa aliyoletewa risiti. Kwa kuwa hatakiwi kuonekana akiandika, huishia kujifungia chooni na simu yake. Usiku, wenzake wakicheza muziki, yeye anajaza fomu ndefu ambayo kila jibu la "hapana" hudai maelezo.

Na ujira wenyewe ni mdogo. Sehemu kubwa ya malipo huwa ni kurudishiwa gharama baada ya ripoti kukubaliwa, maana yake unatanguliza fedha zako, na risiti moja ikipotea unaweza kubeba hasara. Bakshishi za kila siku, intaneti ya melini na nauli ya ndege hadi bandarini, visipotajwa kwenye mkataba, ni juu yako. Sisi wenye pasipoti za Kenya au Tanzania tuna la ziada: viza za nchi ambako meli itatia nanga, na hati za kuturudisha Marekani. Wakala wa kweli angeuliza hilo mapema. Huyu hakuuliza hata mara moja.

Alichotaka kwanza ni dola 60 za "cheti cha ukaguzi". Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, imekwisha kuonya kwamba kazi halali ya aina hii haidai ada ya cheti wala ya kujiandikisha. Tangazo lake lina nembo ya MSPA, chama cha kampuni za ukaguzi wa siri, lakini chama hicho hakiajiri wakaguzi.

Nilipokataa kulipa, alibadilisha wimbo: ada imefutwa, nami nitaletewa "mtaji". Ndipo ikaja hundi ya benki ya dola 2,450, karatasi nzuri kabisa, pamoja na barua iliyonitaka niiweke kwenye akaunti yangu, nibaki na 400 kama ujira, na kwa zilizobaki ninunue kadi za zawadi, nizikwangue na kumpigia picha za namba "ili ofisi ikate tiketi haraka". Benki ambayo jina lake liko kwenye hundi hiyo iliniambia haikuitoa.

Mtego uko hapa: kwa hundi za aina hiyo, benki kwa kawaida hukuruhusu kutumia fedha siku ya kazi inayofuata, ilhali kubainika kwamba ni hundi hewa kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Wakati huo kadi zimekwisha kutumika, na benki itazidai fedha zake kwako, si kwa tapeli huyo.

Kama umekwisha kuiweka hundi ya namna hii, usitume chochote, na uijulishe benki yako leo. Kama namba za kadi zimekwisha kwenda, ipigie simu mara moja kampuni iliyotoa kadi na kuiomba izizuie, hifadhi kadi na risiti, kisha toa taarifa FTC kupitia reportfraud.ftc.gov. Hundi iliyokuja kwa posta iripotiwe pia kwa wapelelezi wa posta ya Marekani (U.S. Postal Inspection Service), na bahasha yake isitupwe.