Mstari mweupe usoni mwa baba: uzoefu wangu na huduma ya kuskani filamu

Nianze na jibu kabisa la lile swali la filamu au dijitali, maana najua wengi mnalitafuta hilo tu: kama unataka picha nzuri ya kutundika ukutani na huna moyo wa kugombana na watu, piga kwa dijitali. Unaweza kuishia hapo ukaendelea na shughuli zako. Mimi naendelea kwa sababu nina hasira, na sijui kama nikimaliza nitakuwa bado nasimamia nilichosema sasa hivi.

Baba yangu hapendi kupigwa picha. Siku aliyokubali nilikuwa na kamera mbili, ya dijitali na ile ya zamani ya filamu ya milimita 35 ambayo kila kitu unazungusha mwenyewe. Nikamkalisha karibu na dirisha, shati jeupe, mwanga wa pembeni, nikampiga kwa zote mbili. Ya dijitali ilikuwa akiba. Moyo wangu ulikuwa kwenye filamu. Negativu ya rangi, yaani filamu ambayo picha yake hutoka imegeuzwa, peupe pakawa peusi, inavumilia sana mwanga ukizidi kidogo, shati jeupe linabaki na mikunjo yake. Kwenye dijitali sehemu nyeupe ikishaungua, ikabaki weupe mtupu, imeungua, hata uwe na programu gani. (Nasema negativu. Slaidi, ile filamu inayotoa picha chanya moja kwa moja, haisamehi mtu.)

Filamu ilisafishwa vizuri, sina neno. Shida ilianza nilipoipeleka kuskaniwa, yaani kugeuzwa faili za kompyuta, tena mahali panapojitangaza kwa wapiga picha wa kazi, na mabango makubwa ukutani. Nilisema wazi kwamba picha itachapwa kubwa. Nikalipia ukubwa wa juu kabisa, maana ule wa kawaida wa pikseli kama 1800 kwa 1200 unatosha picha ya inchi sita kwa nne na hauna zaidi. Nikaomba faili za TIFF za biti 16, zinazotunza ngazi nyingi zaidi za rangi. Nikajibiwa, "Hakuna shida." Na mimi kwa kuwa nimelelewa kuamini watu, nikaondoka.

Zikaja JPEG, faili za kawaida zilizobanwa. Zimechelewa, na ni JPEG.

Nikasema haya, tuone kilichomo. Nikafungua ya baba, nikaikuza hadi asilimia mia. Mstari. Mweupe, mwembamba, upana wa pikseli mbili tatu, unaanzia utosini, unapita ukingoni mwa jicho la kushoto, unashuka shavuni, unaingia kwenye kola na kutokea chini ya picha. Nilidhani ni unywele. Nikafungua fremu inayofuata, mstari uko palepale. Mti, mstari. Gari la jirani, mstari. Kwenye picha za wima umesimama, kwenye za ulalo umelala, lakini ukiirudisha picha kwenye mkanda wake ni mstari mmoja tu unaokwenda mwanzo hadi mwisho wa filamu.

Aliyewahi kukaa na mashine hizi ameshajua. Baadhi ya skana za maabara, na hiyo yao ikiwamo, hazipigi fremu nzima kwa mara moja. Filamu inatembea mbele ya safu moja nyembamba ya vihisi vya mwanga, na mashine inaisoma mstari kwa mstari. Kwa hiyo chembe ya vumbi ikituama kwenye hiyo safu haikuletei doa, inakuletea mstari unaofuata urefu wa mkanda. Kihisi kilichofunikwa kinapata mwanga pungufu, mashine inaamini negativu ni nzito sehemu hiyo, na picha ikigeuzwa kuwa chanya, pale pazito panatoka peupe. Dawa yake ni kupangusa na kuisawazisha mashine upya. Kazi ya dakika chache kwa mtu anayejali.

Nikarudi kwao nikiwa mpole. Naapa nilikuwa mpole. Fundi, kijana mwenye simu mkononi, akatazama skrini kwa muda wa kupepesa jicho.

"Kaka, hii filamu yako imekwaruzwa."

Nikamwambia naomba tuziangalie negativu pamoja, nina lenzi ya kukuzia hapa mfukoni.

"Filamu ndivyo zilivyo, kaka. Ukitaka picha safi piga dijitali."

Hakuinua hata macho. Nimelipia huduma ya kuskani filamu, kwenye duka linaloskani filamu, na mwenye skana ananishauri niachane na filamu! Ningekuwa nimetaka ushauri huo ningeupata bure nyumbani kwa mke wangu.

Nikaenda kuzikagua mwenyewe. Juu ya kibao cha taa, nikizigeuza pole pole ili mwanga uzipige kwa pembe, maana mkwaruzo ukiutazama moja kwa moja unaweza kujificha ila kwa pembe lazima ung'ae. Hakuna mkwaruzo. Kulikuwa na alama ya kidole kwenye fremu ya gari la jirani, kidole kizima, kinene, na mimi negativu huzishika kwa glavu za pamba. Hiyo tuiache.

Kuna na jambo la infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ambalo ndilo lililonitia wazimu. Kwenye bili waliniandikia malipo ya kuondoa vumbi na mikwaruzo. Mfumo huo unatumia infraredi: rangi zilizomo kwenye filamu ya rangi zinaipitisha, vumbi na mkwaruzo vinaizuia, na hapo ndipo mashine inapojua kipi ni picha na kipi ni uchafu, ikafuta uchafu. Kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe haufai, kwa sababu fedha iliyobaki kwenye picha nayo inaizuia infraredi, na mashine itaona uso wa mtu ni uchafu. Lakini yangu ilikuwa ya rangi. Basi kama ule ulikuwa mkwaruzo, mbona mfumo niliotozwa hela haukuufuta? Na kama haukuwashwa, nimetozwa nini?

Nikarudi tena. Safari hii upole niliuacha nyumbani. Nikaomba kitu kimoja tu: kipande kilekile cha filamu kiingizwe kimegeuzwa, mwisho wake uwe mwanzo. Kama kasoro iko kwenye filamu itageuka na filamu, itabaki kwenye jicho lilelile. Kama iko kwenye mashine, itahamia upande wa pili wa uso. Hata mtoto anaelewa. Fundi akasema ana kazi nyingi. Dada wa mapokezi, Mungu ambariki, ndiye aliyemwambia, "Mfanyie tu mwenzio aondoke."

Akafanya. Tukasubiri. Picha ikapanda kwenye skrini: jicho la kushoto safi kabisa, na mstari umesimama karibu na sikio la kulia.

Nikamtazama. Akaitazama skrini. Kisha akasema, na sauti yake haikutetemeka:

"Si umeona sasa? Imekwaruzwa pande zote mbili."

Nimejaribu kuisimulia kauli hiyo kwa watu kadhaa na wote wanacheka. Mimi bado siwezi kucheka.

Na mstari haukuwa peke yake, ingawa ndio nilioukazania. Mashine ilikuwa imewekwa kunoa picha hadi mwisho, kwa hiyo kila punje ya filamu imezungushiwa ukingo mweusi na ngozi ya mzee imekuwa kama msasa. Shati limeungua lote, halina mkunjo hata mmoja, wakati kwenye negativu mikunjo naiona kwa macho yangu. Aliyeiunguza si filamu, ni yule aliyeachia mashine ijiamulie yenyewe weupe uanzie wapi. Nikajaribu kuirekebisha kwenye kompyuta, nipandishe kidogo ukuta wa nyuma ulioingia giza. Kwenye JPEG kila rangi ina ngazi 256 tu. Ukuta ukakatika matabaka matabaka. Ndiyo maana niliomba biti 16, jamani, sikuomba kwa kujionyesha.

Basi nikachukua ile ya akiba, ya dijitali, nikaichapa. Na hapa inabidi nimeze mate: ilitoka nzuri. Faili ya pikseli 6000 kwa 4000 ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi inakupa karibu sentimita 50 kwa 34 bila kuinyoosha, na nilichapa A3 tu, kwa hiyo nafasi ilibaki. Ngozi laini, kope unazihesabu, hakuna aliyeniambia habari ya mikwaruzo. Familia nzima wakaipenda, baba mwenyewe akauliza kama anaweza kupata nyingine. Nikaona nimeshindwa, nikaanza kabisa kuandika maoni haya yaishie hapo.

Ila begani, pale mwanga wa dirisha ulipompiga sana, shati la dijitali limeungua. Kipande kidogo. Wengine hawakioni. Mimi nikiingia chumbani sioni kingine.

Kwa hasira nikaamua kuiskani negativu mwenyewe kwa kamera ileile ya dijitali. Kibao cha taa chenye mwanga mzuri, negativu imebanwa isijikunje, kamera juu yake inatazama chini, lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Tabu kubwa ni kuifanya kamera iwe sambamba na filamu, kwa sababu ikiinama kidogo tu kona moja inakosa fokasi. Kuna ujanja wa kioo: laza kioo kidogo mahali pa filamu, chungulia kwenye kamera, na ukiona lenzi inajitazama yenyewe katikati kabisa ya picha, uko sawa. Nikapiga kwa RAW, faili ghafi la kamera. Kisha kugeuza rangi, na hapo ile rangi ya chungwa iliyolala kwenye negativu yote ikanitesa usiku kucha, mara baba ana homa ya manjano, mara amekuwa wa bluu.

Ilipokaa sawa nilinyamaza. Mikunjo ya shati yote ipo, hadi begani. Punje zipo lakini laini, zimetulia kwenye ngozi bila kuikwaruza. Jicho la kushoto ni jicho. Nikaichapa A3 hiyohiyo, karatasi ileile, nikaziweka mbili ukutani, na bila kusema ipi ni ipi mama akaelekeza kidole kwenye ya filamu. Akaulizwa kwa nini, akasema, "Hapa ndipo anafanana."

Kwa hiyo ushauri wangu wa juu nausemaje sasa? Filamu haina kosa. Anayeiua ni aliyekaa katikati ya negativu na karatasi, na kumpata mtu mzuri wa hapo katikati kumekuwa kazi. Skana maalumu za filamu kama Coolscan za Nikon hazitengenezwi tena. Skana za ngoma, zinazozungusha filamu juu ya silinda na kuifunika kwa majimaji maalumu, bado hazina mpinzani, lakini zimebaki chache na mafundi wake ni wachache zaidi. Zile bapa za mezani zinaandikwa nukta 6400 kwa inchi kwenye boksi na undani unaoupata hata nusu haufiki. Kwa filamu kubwa ya 120 zinavumilika, kwa milimita 35 ukitaka picha kubwa utalia. Inabaki kujiskania, na kujiskania ni jioni nzima kwa fremu moja iliyokubali. Harusi ya watu mia mbili huifanyi hivyo. Ya harusi piga dijitali, usinisikilize mimi.

Picha ya baba tu, hiyo sitaki dijitali. Au nitataka, sijui, muulizeni mama.

Wale wa duka wamenijibu malalamiko yangu mwishowe. Hela hawarudishi, ila kwa kuthamini wateja wao wamenipa ofa ya kuskaniwa mkanda mzima upya, bure. Nikauliza kwa mashine ipi. Ileile. Nikauliza kama imepanguswa. Wakajibu kwamba mashine haina tatizo.

Nyota moja, na hiyo moja apewe dada wa mapokezi.