Beijing kwa siku moja: Beihai au Yiheyuan?

Mwenye nusu siku tu aende Beihai, bustani ya zamani ya wafalme. Iko jirani kabisa na kasri la kifalme, kaskazini-magharibi yake, na zaidi ya nusu ya eneo lake ni ziwa. Kisiwani kuna mnara mweupe wa Kibudha wa mwaka 1651. Kupanda hadi hapo kunachosha magoti, lakini juu unaona mapaa ya njano ya kasri. Mimi kilichonivutia zaidi ni wazee wanaochovya brashi ndefu majini na kuandika mashairi sakafuni. Dakika chache, jua limeshayafuta.

Yiheyuan, kasri la kiangazi la wafalme pamoja na bustani zake, ni habari nyingine: hekta 290 hivi, nje kidogo ya katikati ya jiji, treni ya chini ya ardhi inafika. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliichoma mwaka 1860, kisha Malkia Mama Cixi akaijenga upya. Ushoroba wake wa mita 728 umechorwa maelfu ya picha kwenye boriti, shingo itakuuma. Wikiendi watu hujaa pomoni, basi uwahi asubuhi na uvae viatu vya kutembelea.

Ukiwa na watoto wadogo? Beihai, bila kufikiria mara mbili.