Patisheni ya kusimama kutoka Keko: uzoefu wangu wa miezi 7 kwenye chumba cha kupanga Sinza

Mdogo wangu wa kike alipopata chuo hapa Dar, mama alinipigia simu kutoka Korogwe. Baada ya salamu alisema neno moja tu: "Mwanangu, stara." Nilimwelewa. Nimepanga chumba kimoja Sinza, futi 12 kwa 14, choo cha ndani, dirisha moja na pangaboi moja katikati ya dari. Kuhamia chumba na sebule kungetaka kodi ya miezi 6 mkononi na ya mwezi mmoja ya dalali, pesa ambayo sikuwa nayo. Mkataba wangu nao unakataza kutoboa ukuta. Ikabidi nigawe chumba bila msumari hata mmoja.

Nilianza na pazia kama wengi wanavyofanya. Nilinunua Kariakoo ile fimbo inayojibana ukutani kwa springi, pamoja na mita 8 za kitambaa kizito. Futi 12 ni nyingi mno kwa fimbo ya aina hiyo. Ukishaivuta hadi mwisho inabonyea katikati, na uzito wa pazia unaimalizia. Ukuta wangu umepakwa chokaa inayotoka unga, kwa hiyo vile vifuniko vya mpira vilikuwa vinateleza. Usiku wa tatu, kwenye saa 8, fimbo na pazia lake vilimwangukia mdogo wangu usingizini. Hakuumia, lakini hakulala tena. Asubuhi nikapanda daladala kwenda Keko, kwa mafundi wa samani.

Fundi nilimchorea kwenye karatasi: vipande 3 vilivyoungwa kwa bawaba, kila kimoja upana wa futi 2 na nusu, kimo futi 6. Fremu ni mbao za Mafinga, kuanzia chini hadi kiunoni plaiwudi nyembamba, na juu kitambaa cha marekani kilichowambwa vizuri. Miguu inaiinua inchi 4 kutoka sakafuni. Tulikubaliana sh 180,000, na kirikuu, ile pikapu ndogo, ya kuileta ilinigharimu sh 25,000 juu.

Fundi alitaka kuifikisha hadi dari, "ili kiwe chumba kabisa, bosi." Nilikataa, na hadi leo nashukuru. Anayeijua Dar ya Januari na Februari anajua usiku unavyokuwa: shuka linaloa jasho na ukuta unatoa joto hadi alfajiri. Chumba changu kina pangaboi moja. Patisheni ikifika dari, upande mmoja unapata upepo na mwingine unabaki tanuri. Kwa futi 6 pangaboi inapuliza kote kuwili juu yake, na ile nafasi ya chini inapitisha hewa na fagio. Aliyesimama haonekani, aliyelala ndiyo kabisa. Stara ipo na hewa ipo.

La pili ni mwelekeo. Wazo langu la kwanza lilikuwa kukata chumba kwa upana, mmoja akae mlangoni na mwingine dirishani. Tulijaribu siku mbili. Wa mlangoni alikuwa anawasha taa saa 4 asubuhi! Tukaigeuza: inaanzia katikati ya dirisha, inaelekea mlangoni, inaishia kabla ya kufika ili tubaki na njia. Sasa kila mtu ana bawa lake la dirisha, analifungua na kulifunga anavyotaka. Na marekani, kwa kuwa ni nyeupe na nyepesi, inapitisha mwanga bila kuonyesha mtu, ila usiku taa ikiwa nyuma yako kivuli kinaonekana. Mdogo wangu alilimaliza hilo kwa kutundika khanga mbili upande wake.

Kasoro zipo. Wiki ya pili kipande cha kati kilipinda, bawaba zikaanza kulia. Mbao zilikuwa mbichi. Fundi alikuja mwenyewe akakibadilisha bila kunidai, lakini mimi nilipoteza Jumamosi nzima. Ukienda kuagiza, nyanyua mbao mkononi kwanza: mbichi ni nzito na ina ubaridi kiganjani. Pia patisheni hii haisimami ikinyooshwa. Lazima ikunjwe kidogo kidogo, na hapo inakula karibu futi moja ya sakafu. Siku moja ya kaskazi niliacha dirisha wazi, kitambaa kikajaa upepo kama tanga na yote ikalala juu ya meza. Fundi aliongeza miguu ya msalaba, sh 15,000, na tangu hapo haijaanguka.

Sauti haizuii hata kidogo. Akisoma kwa kunong'ona namsikia, nikiongea na simu ananisikia. Tumekubaliana kwamba baada ya saa 4 usiku simu inapokelewa barazani.

Kwa aliye na watoto wadogo ningefikiria mara mbili, maana mtoto akiivuta inakuja. Kabati lililogeuziwa mgongo lina uzito zaidi, lakini linaziba mwanga, na siku ya kuhama unahitaji wanaume wanne. Yangu nachomoa pini za bawaba, vipande 3 vinaegemea ukutani, dakika 10 hazifiki. Mama mwenye nyumba alikuja kuangalia, akapapasa kuta zote mbili, akasema, "Hapo sawa, baba."

Kitu kimoja sikukiwaza mapema: jiko la gesi. Tunapikia humo humo, na mwisho wa patisheni ulikuwa hatua moja tu kutoka kwenye moto. Kitambaa na moto havikai pamoja. Nimehamishia jiko kona ya mlangoni, na wiki ijayo narudi kwa fundi yule yule aniwekee plaiwudi juu mpaka chini kwenye kipande cha mwisho.