Simu za mezani za Asterisk: kwa Lubumbashi, tafuta kwanza herufi P

Wasomaji wa Lubumbashi, Kongo, wananiandikia lalamiko lilelile kwa maneno tofauti: siku ya delestaji (mgao wa umeme) simu za ofisi zinapotea, umeme ukirudi nusu ya simu hizo hazilii, na lawama zote anabebeshwa Asterisk, programu ya seva inayoendesha simu za ofisi. Anaitwa fundi, anasimika upya FreePBX (programu ya kupangia Asterisk kwa kivinjari), analipwa, anaenda zake. Umeme ukikatika tena, yaleyale.

Kabla ya kumlipa fundi mwingine, subiri umeme ukatike, ingia kwenye seva, andika asterisk -rvvv, kisha pjsip show contacts. Simu inayofikika inaandikiwa Avail, na pembeni muda wake wa kujibu kwa milisekunde. Ikiandikiwa Unavail, seva iko macho, inaiita simu, na simu haiitiki. (Kama mfumo wenu bado uko kwenye chan_sip, sehemu ya zamani ya Asterisk inayoshughulikia simu hizi, amri ni sip show peers, lakini anzeni kuhamia pjsip, maana chan_sip iliondolewa kabisa kwenye Asterisk 21, mwaka 2023.) Mara nyingi utakuta seva na ruta ziko kwenye onduleri (UPS, yaani betri ya akiba), ila simu zote zimechomekwa ukutani, kila moja na adapta yake. Hapo hakuna mpangilio wa kurekebisha. Simu zilizonunuliwa ndizo hazifai mji huu.

Kwa hiyo sitaongelea skrini wala idadi ya vitufe. Simu zote nitakazopendekeza zinatumia SIP, itifaki ya kupiga simu kupitia mtandao, na zinajisajili kwa Asterisk bila ugomvi. Ninachodai ni PoE, yaani simu kupata umeme kupitia kebo ileile ya mtandao. Ukiwa na PoE, unaweka swichi moja ya mtandao inayotoa PoE, pamoja na seva, kwenye onduleri moja, na ofisi nzima inaendelea kuongea gizani. Bila PoE, kila kukatika kwa umeme ni mazungumzo yaliyokufa katikati, halafu simu kujiwasha polepole na kujisajili upya huku wateja wanapiga bila kupokelewa. Na umeme unaporudi kwa kishindo, adapta ndogo za volti 5 ndizo zinazoungua kwanza. Nimefungua droo ya mapokezi ya ofisi moja kule Kampemba, imejaa adapta zilizokufa, na chini ya meza ralonji moja (waya wa kurefusha umeme) imebeba simu, printa na birika la chai.

Chaguo langu la kwanza ni Yealink T31P, na sioni haya kuipendelea. Ina akaunti mbili za SIP, ukurasa wake wa kupanga unafunguka kwa kivinjari chochote, na katika ofisi ninazohudumia haijanisumbua. Soma jina lake kwa makini: T31 bila P haina PoE, inakuja na adapta. T31P inayo PoE. T31G pia inayo, ingawa haina P. Hiyo G ni ya mtandao wa gigabiti. Kwa mkurugenzi anayetaka skrini ya rangi, T33G, nayo ina PoE.

Ya pili, Grandstream GRP2602P. Nzuri, ila hapa mtego ni uleule: GRP2602 tupu haina PoE. Ya tatu, Fanvil X3SP. Tena P, kwa sababu X3S haina.

Sasa niwaambie kinachoniumiza. Unaagiza T31P, unaletewa T31, na muuzaji anakujibu: "Njo ile ile, mama." Si ile ile! Kwenye orodha za bei za nje tofauti ya modeli hizo mbili ni dola chache, lakini dukani mjini bei inategemea gari ulilokuja nalo, na kila swali linajibiwa kwa gharama za forodha ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Muuzaji huyohuyo anakataa noti yako ya dola kwa kuwa imechanika kidogo pembeni, halafu anakupa kifurushi kilichokwisha kufunguliwa na kubandikwa gundi upya. Ndiyo maana bei siandiki hapa. Dai fakturi yenye jina kamili la modeli, hadi herufi ya mwisho, na ulinganishe na kibandiko cha chini ya simu yenyewe. Maandishi ya kifurushi hayatoshi.

Kwenye swichi pia wanachezea watu. TP-Link TL-SF1008P ina milango 8, lakini ni 4 tu inayotoa umeme. Ukiwa na simu sita, mbili zitabaki gizani. Tafuta maandishi 802.3af. Kiwango hicho cha PoE kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila mlango, na simu hizi hazifiki hata nusu yake. Vile vifaa vya volti 24 vinavyouzwa pamoja na antena za intaneti haviwashi simu hizi, hata muuzaji akiapa kwamba ni PoE.

Cisco 7940 na 7960 zilizotumika, zile za bei rahisi, ziacheni. Zilitengenezwa kwa itifaki ya Cisco yenyewe, inabidi kubadilishiwa programu ya ndani kwa TFTP (njia ya kutuma faili kupitia mtandao), na PoE yake ni ya kabla ya 802.3af. Grandstream HT801, kifaa cha kuunganisha simu ya kawaida na Asterisk, pamoja na simu hiyo ya kawaida, inafaa kwa mlinzi getini. Programu ya simu kama Linphone, kwa anayezunguka tu.

Kuhusu laini za nje, msinunue Grandstream HT813 kwa ajili ya mlango wake wa laini ya waya. Hakuna ofisi ninayohudumia yenye laini hiyo. Kinachohitajika ni geti ya GSM, kifaa kinachobeba kadi za SIM na kuunganisha Asterisk na mitandao ya simu za mkononi, kama za Dinstar, nayo iwekwe kwenye onduleri ileile ya swichi na seva.

Dukani, omba simu ichomekwe kebo ya mtandao peke yake kwenye swichi yenye 802.3af, bila adapta. Skrini ikiwaka, lipa. Muuzaji akikataa kujaribu, nenda duka lingine.